Riwaya ya mapenzi ya kale: jinsi ya kuichagua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Nasoma riwaya za aina mbili ambazo watu wazima wengi huzificha chini ya mto: za kihistoria na za mapenzi. Zikikutana ndani ya jalada moja, usingizi wangu umekwisha. Haya nayaandika kwa ajili ya anayetaka kuanza, au aliyekwisha kuanza akachoka mapema akadhani hana moyo wa kusoma. Moyo anao. Mara nyingi kilichomchosha ni kitabu kilichoahidi zama fulani kikaleta nguo zake tu.

Msimamo wangu nautoa mapema, usije ukasema hukuonywa. Katika riwaya ya mapenzi ya kihistoria, kinachowazuia wapendanao lazima kitoke ndani ya zama zao: sheria, vita, deni, dini, umbali, cheo, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa. Binti akimwona kijana wake akizungumza na mwanamke mwingine bustanini, akanuna sura kumi na mbili bila kuuliza, na mwanamke mwenyewe kumbe ni dada wa kijana, basi hadithi hiyo ingeweza kutokea jana. Mwaka 1790 ulioandikwa juu ya sura ya kwanza ni pambo.

Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na hilo.

Jua kwanza umeshika kitabu cha aina gani

Watu hugombana bure kuhusu vitabu hivi kwa sababu kila mmoja amebeba matarajio yake. Historical Novel Society, chama cha waandishi na wasomaji wa riwaya za kihistoria, huiita riwaya ya kihistoria ile iliyoandikwa angalau miaka 50 baada ya matukio inayoyasimulia, au iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwa hai matukio yakitokea, akalazimika kutafiti. Walter Scott alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1814, alirudi nyuma hadi uasi wa 1745 kule Uskoti, na wengi huhesabu aina hii ya uandishi kuanzia hapo.

Kwa kipimo hicho Jane Austen, Mwingereza ambaye wengi humhesabu katika fani hii, hayumo. Najua nitaudhi watu. Lakini yeye aliandika juu ya siku zake mwenyewe. Mabehewa ya farasi na dansi za kijijini kwake vilikuwa mambo ya kila wiki. Alifariki mwaka 1817 bila kuandika riwaya hata moja ya kihistoria. Ndiyo maana haelezi nguo wala vyombo sana: msomaji wake alikuwa navyo nyumbani. Ukitaka kujua mwandishi wa leo anayejidai kuandika juu ya zama zile amezidisha maelezo kiasi gani, msome Austen kwanza, kisha msome huyo wa leo. Utaona tofauti kati ya mtu anayeishi ndani ya nyumba na mtu anayeitembeza kwa wageni.

Upande wa mapenzi, Romance Writers of America, chama cha waandishi wa fani hiyo, hutaka mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe wa matumaini. Wanaoicheka fani hii hulicheka sharti la pili, eti mwisho unajulikana. Dada yangu mkubwa hufungua ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Nikimlalamikia hunijibu, "Mdogo wangu, mwisho naujua tangu dukani. Mimi natafuta njia." Kwa riwaya ya mapenzi namwona ana haki kabisa. Kwa riwaya ya kihistoria tu, hapana, maana huko mtu anaweza kunyongwa ukurasa wa 300 na mwandishi asikuombe radhi.

Kwa hiyo jiulize swali moja: ukiyatoa mapenzi, hadithi inasimama? Ikisimama, hiyo ni riwaya ya kihistoria yenye mapenzi ndani yake, wala usiidai harusi. Ikianguka, ni riwaya ya mapenzi, na una haki ya kukasirika shujaa akifa kwa homa katika sura ya mwisho. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kwa wasomaji wenzangu yangekwisha kama wangejiuliza hilo kabla ya kufungua kitabu.

Kabla hujalipa au kuazima

Jalada usilisikilize. Jalada la riwaya ya mapenzi ya kale huwa na mwanamume aliyefunguka vifungo vya shati na mwanamke aliyetupa kichwa nyuma, ndani kuwe na utafiti wa miaka kumi au kuwe na upuuzi. Halikusaidii kwa lolote.

Geuza nyuma. Tafuta mwaka na mahali. "Katika zama za wafalme na mapanga" si mwaka wala mahali. Mwandishi aliyefanya kazi yake huona fahari kukutajia mji na mwaka, kwa sababu anajua kilichotokea pale na anataka ukijue nawe.

Kisha nenda kwenye neno la mwandishi, ambalo kwa kawaida huwekwa mwisho. Mimi hulisoma kabla ya kununua, nikiruka aya zinazofichua mambo. Neno zuri linakuambia nani alikuwepo kweli, nani amebuniwa, tarehe gani imesogezwa na kwa nini. Mwandishi akikiri kwamba ameileta vita mbele miezi miwili ili ilingane na mimba ya mhusika wake, namwamini zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba hii ni hadithi ya kubuni, basi.

Mwisho, fungua katikati. Ukurasa wa kwanza kila mtu anaupiga msasa. Tafuta ukurasa ambao hakuna kinachotokea: watu wamo safarini, wanakula, wanasubiri mvua iishe. Soma huo. Ukijua bila kuambiwa kwamba hawa si watu wa leo, chukua kitabu. Ukiona wanasubiri mvua kama wasubirivyo watu kwenye foleni ya benki, kirudishe.

Kipimo cha kizuizi

Hapa ndipo penye uhondo, na hapa ndipo ningependa ukae.

Ukifika robo ya kitabu, simama uandike kwa sentensi moja: nini kinawazuia hawa wawili? Kisha ijaribu sentensi hiyo katika mwaka huu. Ikiwa bado ina nguvu ile ile, mwandishi amekukopesha zama bila kuzitumia. Ikipoteza nguvu, umepata kitu.

Chukua Uingereza ya kati ya miaka 1754 na 1857, uwanja unaopendwa kuliko wote katika fani hii. Sheria ya Ndoa ya 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilikuwa na nguvu England na Wales. Aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuoa wala kuolewa kwa leseni bila idhini ya mzazi, na ndoa ikitangazwa kanisani, mzazi angeweza kusimama akaipinga. Uskoti sheria hiyo haikufika. Kule mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 12 wangeweza kuoana kwa kutamka tu mbele ya mashahidi. Ndiyo sababu kijiji cha Gretna Green, mara tu uvukapo mpaka, kikajaa maharusi waliokuja mbio. Tazama sheria moja inavyompa mwandishi kila kitu: farasi wa kubadilisha njiani, pesa za kuwalipia, baba anayefuata nyuma, usiku wa njiani ambao utamharibia binti jina hata kama hakuguswa, na swali ambalo mwandishi mzuri halikwepi, yaani kama kijana anampenda binti au anaupenda urithi wake. Kuanzia 1857 ilitakiwa mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21 kabla ya ndoa. Mbio zikaisha. Riwaya inayowakimbiza wapenzi Gretna Green mwaka 1870 wakaoana usiku ule ule inaonyesha wazi kwamba mwandishi hakuigusa sheria yenyewe. Ameiga kutoka riwaya nyingine.

Halafu kuna mjane tajiri anayemkataa mwanamume anayempenda. Wasomaji wengi humwona mkaidi. Mimi humwona mwenye akili. Kwa sheria ya England ya wakati ule, mwanamke akiolewa, fedha na mali yake inayohamishika vilikuwa vya mume, na ardhi yake mume aliisimamia, isipokuwa kama wanasheria walikuwa wamefunga hati maalumu mapema. Sheria ya 1870 ilimwachia mshahara wake. Ile ya 1882 ndiyo iliyomwachia mali yake yote. Mjane wa 1815 anayejitegemea akisema "nakubali" kanisani, anakabidhi ufunguo wa kila sanduku alilonalo. Mwandishi anayelijua hili hahitaji adui. Mchumba anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado mapenzi yao yakawa hatari, na mwema huyo analazimika kuonyesha wema wake mbele ya wakili, kwa karatasi na wino. Sijui kama kuna tukio la mapenzi linalonisisimua kuliko mwanamume anayesaini hati ya kujinyima mali ya mke wake. Wenzangu hunicheka kwa hili. Wacheke.

Talaka nayo. Kabla ya sheria ya 1857, Mwingereza aliyetaka kuachana na mkewe na kuoa tena alihitaji sheria binafsi ipitishwe na Bunge kwa ajili yake, jambo lililowezekana kwa matajiri tu. Mahakama za kanisa ziliweza kuwatenganisha watu, lakini kuoa tena hapana. Kwa hiyo "nitamwacha, nikuoe wewe" kinywani mwa karani wa 1810 ni uongo au ni wendawazimu, na msomaji anapaswa kuhisi hivyo hata kama binti anayeambiwa hahisi.

Na lipo moja ambalo waandishi wengi hawalijui, nami nalisubiri kwa hamu. Hadi mwaka 1907 Mwingereza hakuruhusiwa kumwoa dada wa marehemu mkewe, na kuanzia 1835 ndoa kama hiyo ilikuwa batili moja kwa moja. Sasa fikiria: mke amefariki akijifungua, dada yake amehamia nyumbani kulea watoto, miaka inapita mezani pamoja, jikoni pamoja, kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa pamoja. Hakuna mtu mbaya hata mmoja katika nyumba ile. Sheria imekaa nao chumbani.

Umbali pia ni kizuizi, ila ni lazima mwandishi auheshimu. Katika riwaya za Bahari ya Hindi ya enzi za majahazi, hesabu mwenyewe pepo. Kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huwashusha mabaharia kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kusi ndio unaowarudisha. Anayeukosa msimu hakosi siku mbili, anakosa miezi. Nahodha anayemwambia mkewe "nisubiri" anaahidi kitu ambacho si yeye anayekiamua. Nikikuta jahazi linaenda na kurudi ndani ya mwezi mmoja kwa sababu mwandishi alimhitaji shujaa harusini, nakifunga kitabu hapo hapo.

Habari zilisafiri polepole vilevile, na ucheleweshaji wake ni hazina. Mkataba wa kumaliza vita kati ya Uingereza na Marekani ulitiwa saini mjini Ghent, Ulaya, tarehe 24 Desemba 1814. Mapigano ya New Orleans, kule Marekani, yalipiganwa tarehe 8 Januari 1815, maana habari zilikuwa bado baharini. Watu walikufa katika vita ambayo ng'ambo ya bahari ilikwisha kutiwa saini. Waya wa simu ya maandishi uliodumu chini ya Atlantiki haukupatikana hadi 1866. Mwanamke anayesubiri barua kabla ya hapo anaweza kuwa mjane kwa wiki sita bila kujua, na barua za mumewe ziendelee kumfikia.

Barua zenyewe, kule Uingereza, kabla ya 1840 zililipiwa na mpokeaji, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Msichana maskini angeweza kuandikiwa na ampendaye akashindwa kuipokea kwa kukosa pesa. Sijui kwa nini tukio hili halimo katika kila riwaya ya miaka ile.

Nini usamehe, nini usisamehe

Mimi si askari wa tarehe. Shujaa wa 1811 akiwasha kiberiti, nacheka kidogo, kwa sababu viberiti vya kukwaruza vilianza kuuzwa na John Walker mwaka 1827 na kabla ya hapo watu walihangaika na jiwe la gumegume na chuma. Lakini naendelea kusoma. Bibi harusi wa 1805 akivaa gauni jeupe kama kwamba hakuna rangi nyingine, nanyamaza. Mtindo ule ulienea baada ya harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840. Picha ya kamera ya mpenzi mfukoni kabla ya 1839, naipandishia nyusi tu.

Maduki hunichekesha zaidi. Duki ndicho cheo cha juu kabisa cha kimwinyi cha Uingereza nje ya ukoo wa kifalme, na katika miaka ya Regency, yaani 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, maduki wote wasio wa kifalme hawakufika arobaini, wengi wao wazee au wenye wake. Katika riwaya wamejaa kila kona, wote wana miaka thelathini na mabega mapana. Hili nalisamehe. Ni makubaliano kati ya fani na wasomaji wake, na mimi nimeyasaini kwa hiari.

Kuna mengine sisamehe. La kwanza ni uasi usio na gharama. Wapo wanaosema shujaa wa kike anayedai haki zake katika karne ya 18 ni kosa la kihistoria. Si kweli: Mary Wollstonecraft alichapisha hoja zake za haki za wanawake mwaka 1792, na hakuwa peke yake. Kosa ni pale binti anapotukana wachungaji, anakataa wachumba, anapanda farasi usiku peke yake, na asubuhi kila mtu anampenda zaidi. Kila zama zilikuwa na waasi, na kila zama ziliwatoza. Nionyeshe bei: mlango gani ulifungwa, rafiki gani aliacha kumwamkia, posa ya nani iliondolewa, ya kwake au ya mdogo wake asiye na hatia. Hapo nitamwamini.

La pili ni hofu ya mimba kutokuwepo. Mlango wa chumba cha kulala ukifungwa au ukiachwa wazi, hiyo ni hiari ya kila msomaji. Mimi napenda ufungwe nusu. Ila mwanamke wa 1760 asiyewaza hata mara moja kinachoweza kufuata baada ya usiku ule hayupo mwaka 1760. Kuzaa kulikuwa hatari ya kweli, na dawa ya usingizi ya kupunguza uchungu wa uzazi haikuanza kutumiwa na madaktari hadi 1847. Hofu hiyo haiui mapenzi katika hadithi. Inayapa uzito.

La tatu nalisema bila mzaha. Hadithi ya bwana mwenye watumwa na kijakazi wake, ikisimuliwa kama mapenzi ya kawaida yenye vikwazo vya kawaida, siisomi. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina maana, na mwandishi anayeziba hilo kwa mwanga wa mwezi ananidanganya mchana kweupe. Simaanishi uwanja huo usiandikwe. Uandikwe, lakini mwandishi ajue sheria ya mahali anapopasimulia, maana sheria hazikuwa sawa kila mahali. Virginia mwaka 1662 ilipitisha sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama, kwa hiyo bwana alizaa watumwa wake mwenyewe. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa bwana na suria wake, baba akimkubali, alizaliwa huru. Hizo ni dunia mbili tofauti kwa mama anayemtazama mwanawe, na riwaya isiyojua iko katika ipi haijaanza kazi.

Ukishaanza kusoma

Weka penseli. Ukitilia shaka jambo, weka alama pembeni usonge mbele. Usikimbilie simu kila aya, kwa sababu utajikuta saa saba usiku unasoma historia ya vifungo na huwakumbuki wapenzi wenyewe. Ukimaliza sura, chagua alama moja inayokukera kuliko zote, uichunguze hiyo. Moja inatosha. Ukikuta mwandishi alikuwa sahihi na wewe ndiye ulikuwa hujui, mwongezee imani. Mara nyingi mambo ya kweli ya zamani ndiyo yanayoonekana ya uongo. England mwaka 1752 ilikwenda kulala tarehe 2 Septemba ikaamka tarehe 14, kwa sababu ya kubadili kalenda. Likiwa riwayani ungeapa ni kosa la mpiga chapa.

Majina yaandike ndani ya jalada. Watu wa tabaka la juu hubadilika majina katikati ya kitabu: ana jina la ukoo, ana la cheo, na akipandishwa cheo anapata jingine. Arthur Wellesley, jemadari wa Uingereza, akawa Wellington mwaka 1809, na maafisa wake walimjua ni yule yule, ila msomaji wa leo hudhani ameingia mtu mpya. Wengi huacha kitabu ukurasa wa 60 kwa kuchanganyikiwa huku tu. Mistari mitatu ya penseli ingewaokoa.

Sikiliza mazungumzo kwa sauti. Nisiyemtaka ni mwandishi anayewazungumzisha watu wa kale lugha ya mahubiri toka mwanzo hadi mwisho, hata wakiomba chumvi. Na simtaki anayewapa misemo ya vijana wa leo. Kati ya hao wawili kuna Kiswahili cha kawaida kisicho na tarehe, na mwandishi au mfasiri anayekiweza husahaulika kabisa, ukabaki na wahusika. Jaribu kuusoma ugomvi wa wapenzi kwa sauti ya juu, mlango ukiwa umefungwa. Ukiona aibu kwa niaba yao, si wewe mwenye tatizo.

Umri nao uutazame. Katika riwaya kila binti anaolewa na miaka 18. Katika Ulaya ya kaskazini-magharibi ya karne zile, wanawake wa kawaida waliolewa kwa wastani katikati ya miaka ya ishirini, baada ya kufanya kazi na kujiwekea akiba. Kwa hiyo ukimpata shujaa wa kike mwenye miaka 26, mikono yenye sugu na akiba iliyoshonwa ndani ya pindo la sketi, usidhani mwandishi amevunja kanuni ya zama. Amezijua kuliko wenzake wa maduki.

Mwisho wa kitabu

Nimekwisha kusema sipingi mwisho mwema, naupenda. Ninachodai ni kwamba kizuizi kiondolewe kwa njia iliyowezekana wakati ule. Urithi wa mjomba asiyejulikana unaotua sura ya mwisho, siutaki. Mapatano ya wakili, uhamiaji kwenda nchi yenye sheria nyingine, mzazi anayebadilika polepole tangu katikati ya kitabu, hata kifo, mradi tulikiona kikija: hayo nayapokea.

Kisha hesabu miaka kumi mbele. Bwana harusi wa miaka 20 katika kijiji cha England, mwezi Juni 1913: wewe unajua Vita Kuu ya Kwanza inakuja Agosti mwaka unaofuata, yeye hajui. Mwandishi hodari anaijua elimu hiyo uliyonayo na anaitumia bila kuitaja. Ataweka kitu kidogo, pengine jina la kikosi cha kijeshi kwenye mazungumzo ya wageni, akanyamaza. Mwandishi asiye hodari ataandika kwamba waliishi kwa amani miaka yote.

Kama ndiyo kwanza unaanza, chagua zama ambazo tayari unajua angalau jambo moja la kweli juu yake, ulilosoma shuleni au ulilosikia kwa wazee. Chukua riwaya moja ya mapenzi ya zama hizo, na ukimaliza tafuta shajara au barua za mtu aliyeishi wakati ule, hata kurasa chache. Ukirudi kwenye riwaya ya pili ya zama zile zile utaanza kusoma kwa macho mengine, na utakuwa mgumu kudanganyika. Na ukifika robo ya kitabu, ukaandika ile sentensi ya kizuizi, ukakuta huna cha kuandika, kiache bila kujilaumu. Mpe anayependa maduki. Wapo wengi, na wakati mwingine mimi ni mmoja wao.